Yeremia Alisema Amina

Jumapili, tarehe 3 Februari

Baba Chiriku,

Nimempata dereva anayekuja huko na shehena ya chumvi. Amekubali kubeba barua, ila amesema isiwe nene, maana huwa anapekuliwa njiani. Kwa hiyo salamu zangu zipokee kwa mkupuo: zako, za Mama, za kanisa zima, na za yule paka asiye wetu.

Tumefika salama. Binti yako aliongea njia nzima, mpaka abiria mmoja akamwuliza kama anatumia betri. Jina la Chiriku hatukulikosea.

Tunakaa ghorofani, chumba kimoja na mama mmoja fundi cherehani na wifi yake. Dirisha linatazama uani kwa dobi mkubwa anayefua mashuka ya hoteli na hospitali. Mchana kutwa mvuke unapanda ukutani, na ngazi zote zinanuka sabuni. Msimamizi wa pale aliniona nakunja nguo zetu, akaniuliza kama nataka kazi. Nikamwambia asante, sisi ni wapita njia.

Sikumwambia hivyo kwa maringo. Tumepata ushirika hapa, watu wa kwetu watupu, tunakutana katika ghala lililokuwa la magodoro. Anayetuongoza ni Mwinjilisti aliyekimbia mji wa jirani na wetu, kanisa lake likiwa limebaki kuta. Ana kitambaa kirefu alichokichora kwa mkono, wanyama wote wa Danieli wamo, na juu ya kila mnyama ameandika yanayotokea kwetu sasa hivi. Ukimsikiliza, nywele zinasimama. Anasema mwaka huu hautaisha tukiwa huku, na kwamba anayefungua mzigo wake amekufuru ahadi. Mimi wangu bado nimeufunga kamba. Naulalia kama mto.

Sasa niambie ya nyumbani. Ule mlango wa uani ulikuwa haukazi, umeutia komeo? Shuka la maua usilitumie, liache mpaka nije. Na unalala upande wako wa kitanda, au umeshanihamia upande wangu?

Njoo, mume wangu. Najua huwezi kumwacha Mama, wala sitaki umwache. Lakini njoo.

Mkeo,
Mama Chiriku


Jumatano, tarehe 27 Februari

Mama Chiriku, mke wangu,

Barua yako ilifika ina chumvi kweli kweli, nikaikung'uta mezani. Usiujali mwandiko wangu, kalamu za siku hizi ni mbovu.

Mama hajambo kwa kadiri yake. Miguu imegoma kabisa, lakini mdomo haujagoma, na bado ananisahihisha ninavyokunja blanketi. Unga ukipatikana naoka. Usipopatikana nafagia tanuri na kuzipaka mafuta zile bati za mikate, ili zisione kama nimezitupa. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri, na hawaongei kama zamani. Simu ndiyo kama ulivyoiacha, minara yote iko chini. Mambo ya nyumba tutayazungumza.

Kipindi chetu cha Biblia cha Jumatano bado kipo. Tumebaki wachache, tunaenea kwenye mabenchi mawili. Nilipoisoma barua yako nikawafungulia Yeremia. Unakumbuka watu wa Yerusalemu walipochukuliwa Babeli, kulikuwa na manabii waliowaambia msijisumbue, mtarudi karibuni. Yeremia alikuwa amebaki nyumbani. Akawaandikia barua. Aliwaambia wajenge huko huko, wapande bustani wale walichopanda, waoze watoto wao, na wauombee heri mji ule ule waliokuwa wanauchukia, kwa sababu heri yao imo ndani ya heri yake. Halafu akawaambia miaka yenyewe: sabini. Mtu mzima aliyeisoma barua ile alijua kwamba yeye hatarudi.

Sisemi miaka hiyo ni yenu. Miaka yenu siijui, wala sidhani Mwinjilisti anaijua. Ninachokiona mimi ni kwamba Mungu aliwatuma watu wake wakaishi, siyo wakasubiri kuishi. Mpeleke Chiriku shule. Mwambie yule msimamizi umebadili mawazo. Fungua mzigo. Na kama kuna kipande cha udongo hapo, hata ndani ya ndoo mbovu, panda kitu.

Nalala upande wangu. Wako nauacha wazi.

Mumeo


Jumanne, tarehe 2 Aprili

Baba Chiriku,

Nimeisoma barua yako mpaka mikunjo imeanza kukatika. Nimemwuliza fundi cherehani, mwenye waume wawili nyuma yake, mwanamume anayemwambia mkewe apande mboga mbali naye ana maana gani. Aling'ata uzi, akasema, "Ana maana kwamba bustani ya nyumbani imeshapata mtu wa kuipalilia."

Nilicheka. Halafu sikuendelea kucheka.

Nilikuuliza habari ya mlango, ukaniambia kalamu ni mbovu. Nilikuuliza habari ya nyumba, ukanifungulia Yeremia. Wewe mtu ambaye ukinunua kiberiti unanieleza njiti ilivyowaka, leo nyumba yetu nzima imekosa hata sentensi moja. Nani yuko jikoni mwangu? Kama yupo, niambie. Nitaumia, ila nitajua nimesimama wapi.

Barua ya Yeremia nilimsomea Mwinjilisti. Hakukasirika. Alisema Yeremia aliandikiwa wale, na Danieli ameandikiwa sisi. Akasema moyo uliochoka hupenda andiko linalomruhusu mtu akae chini. Ninakuambia alivyosema kwa sababu nilimwona machozi yanamlengalenga. Huyu si tapeli. Mkewe alibaki huko, hajui kama yu hai.

Sasa sikia. Ameonyeshwa kwamba Jumapili ya mwisho ya mwezi huu njia itafunguka. Malori mawili yameshapatikana. Tutasafiri tukiimba mpaka mpakani, na mpakani hatutasimama. Mimi na Chiriku tumejiandikisha lori la kwanza. Shule sikumpeleka, na kazi ya dobi sikuichukua. Sikuona sababu ya kuanza kitu nitakachokiacha.

Huna haja ya kuja kutupokea. Njia ya kwenda kwangu naijua.

Mama Chiriku


Jumapili, tarehe 14 Aprili

Kwa mke wa mwanangu,

Anayeandika ni muuguzi wa zahanati, anayesema ni mimi. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe.

(Naandika kama anavyosema, nisilaumiwe. Muuguzi.)

Mwanangu, mumeo hajui kama nakuandikia. Barua yako aliisoma akaiweka mfukoni, akaenda kukaa mbele ya tanuri. Mimi miguu ndiyo imekufa, macho mazima. Nikamwambia muuguzi anichukulie ile barua wakati anamwosha. Ndiyo, nimesema anamwosha. Tulia, nakuja huko.

Nyumba hakuna. Iliteketea wiki ya pili baada ya ninyi kuondoka, mtaa wote, kuanzia kwa seremala mpaka kisimani. Mlango unaouulizia haupo, na ukuta wa kuuwekea mlango haupo. Mimi nilikuwa ndani. Mwanangu aliingia akanibeba, na boriti ilikuwa imeshashika moto, akaisukuma kwa mikono mitupu ili tupite. Ile mikono, mama, ilitoka ngozi kama glovu. Kalamu haina ubovu wowote. Barua uliyoiona aliiandika siku tatu, anaandika mstari anapumzika, na mimi nikiwa simwangalii, analia.

Tunakaa stoo ya unga, pale pale kwenye tanuri. Mwanamke pekee aliye jikoni mwake ni mimi, na sina hata jino. Kama huyu ndiye anayekuharibia ndoa, njoo umfukuze.

Lakini usije. Hilo ndilo lililonifanya niandikishe barua. Daraja limevunjwa, na kabla ya daraja wamekaa vijana wenye bunduki ambao hawasikii wimbo wala maombi. Waliojaribu mwezi uliopita tunajua walifika wapi. Mimi si nabii, sijaonyeshwa kitu, nimeambiwa tu na wanaopita.

Yeye alikuficha kwa sababu alijua ukisikia habari za mikono utakuja mbio. Mimi nakufichulia kwa sababu usiposikia utakuja vile vile. Sijui nani kati yetu ana akili. Kaa huko umlee mtoto. Ukifa njiani mwanangu ataoka mkate bila chumvi mpaka na yeye afe.

Mama yenu

(Mikono yake inapona. Kidole kidogo cha kushoto hakitakunjika tena. Muuguzi.)


Jumapili, tarehe 12 Mei

Mume wangu,

Naanza na wewe, Mama nitamwandikia yake.

Barua aliyoniandikia Mama bila wewe kujua iliingia siku moja kabla ya safari. Nataka nikueleze ukweli, maana wewe utafikiri ndiyo iliyonizuia. Haikunizuia. Nilipoisoma ndipo nilipotaka kuja zaidi. Nyumba ilinitoka akilini kama kitu cha mtu mwingine. Nilichokiona mbele yangu ni mikono yako. Nilisema nitapita darajani hata kwa kuogelea.

Asubuhi ya Jumapili nikamvisha Chiriku. Viatu vyake vya kusafiria nilikuwa nimevitunza ndani ya mzigo tangu siku tuliyofika, nikimtembeza na kandambili ili visichakae, avivae siku ya kurudi. Nikafungua mzigo kuvitoa. Havikuingia. Nikasukuma, nikatia sabuni kisiginoni. Akanyamaza, na unajua yeye kunyamaza ni nini. Halafu akasema, "Mama, si kosa langu. Miguu imekua yenyewe."

Nilikaa kwenye ngazi nikiwa na kiatu mkononi. Nikaona kwamba sisi tumesubiri, na mtoto hakusubiri. Amekua huku. Amekua bila shule, bila rafiki hata mmoja, kwa sababu nilimkataza kuzoea. Honi zilipigwa chini mpaka zikachoka. Fundi cherehani akapanda kuniita, nikamwambia aende na amani. Akaniangalia, akasema nitajuta. Akaondoka na wifi yake.

Lori la kwanza halijarudi. La pili lilirudishwa na watu wake wengi wakiwa wameumia. Fundi alikuwa katika la kwanza. Cherehani yake iko hapa chumbani, nimeifunika kitambaa, na Chiriku anaifuta vumbi kila siku akiieleza habari za mtaani.

Mwinjilisti alikuwa kiti cha mbele, lori la kwanza. Alitoka hai, yeye na dereva, walitambaa porini. Amepigwa risasi pajani. Sasa anakaa mwisho wa ghala, nyuma ya watu wote. Kitambaa cha Danieli kimekunjwa. Watu wanampita kama nguzo. Na mimi nampita. Nakuambia wazi kwamba namchukia. Kila nikilala nasikia mkasi wa yule mama.

Kazi ya dobi nimeanza. Napiga pasi mashuka marefu kuliko chumba chetu. Chiriku ameingia shule, na mwalimu ameniita tayari, nadhani unaweza kubahatisha ni kwa nini.

Nisamehe maneno ya bustani. Nipe mikono yako niione, hata kwa kuichora tu pembeni ya karatasi.

Mkeo


Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mke wangu,

Mama ametutoka. Ilikuwa Jumamosi mchana, nikiwa nimempelekea ule upande laini wa mkate uliolowekwa. Aliniambia nimekunja blanketi vizuri. Nikajua. Hakuwahi kuniambia hivyo maisha yake yote. Tulimzika jioni ile ile, watu wa mabenchi mawili na muuguzi, bila kuimba kwa nguvu.

Barua yako nilimsomea kabla. Pale pa viatu aliomba nirudie.

Mikono nimeichora hapo pembeni, nimezungusha kalamu kama watoto wanavyofanya. Cha kushoto kimenyooka, ndicho kile alichokitaja muuguzi. Kinanisaidia kukuna mgongo. Ndiyo, nilikuficha. Niliogopa utakuja. Sikujua kwamba kuficha nako kungekusukuma uje.

Nataka tuzungumze habari za Mwinjilisti. Kabla ya ile barua ya kwenda Babeli, kuna kisa ambacho sikukuandikia. Nabii mmoja, Hanania, alisimama hekaluni mbele ya watu akasema ndani ya miaka miwili wote waliochukuliwa watarudi, na vyombo vya Bwana vitarudi. Yeremia alikuwepo pale pale. Alijua si kweli. Unajua neno lake la kwanza lilikuwa nini? Alisema Amina. Alisema Bwana na afanye hivyo. Nimekifundisha kisa hicho mara nyingi, na kila mara nilikuwa nikipita hapo haraka ili nifike anapomkanya mwenzake. Safari hii nikakwama kwenye Amina. Alitamani yule mwenzake awe mkweli. Alitamani kuliko wote waliokuwa wanashangilia, kwa sababu wao walidhani inakuja na yeye alijua haiji. Hanania alikufa mwaka ule ule, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba Yeremia alifurahi.

Nilipokuandikia fungua mzigo, mke wangu, moyo wangu ulikuwa unamwitikia Mwinjilisti Amina. Nilitaka nikosee mimi, apatie yeye. Nilitaka nisikie honi za malori. Kwa hiyo usimpite kama nguzo. Alitamani tulichotamani, ila yeye akakiita neno la Bwana. Kafanya vibaya sana, na watu wamekufa, na atalijibu. Lakini mwulize mguu unaendeleaje.

Sasa sina wa kunizuia hapa, isipokuwa watu wa foleni. Nimewaza siku nyingi. Tanuri likizima mtaa huu utakosa cha kula, na mimi siwezi kukuandikia uombee heri mji wa watu, halafu wa kwangu niuache na njaa. Kwa hiyo namfundisha muuguzi na dada yake kuoka. Dada mtu ana mikono mizuri, ila ana haraka, hasubiri unga uumuke. Wakishaweza, naondoka. Sitapita darajani. Kuna njia ndefu ya milimani, ya wachunga mbuzi.

Usiniwekee tarehe.

Mumeo


Jumatatu, tarehe 23 Septemba

Baba Chiriku,

Dereva wa chumvi alisema hajui ampe nani barua hii, maana tanurini wamemwambia uliondoka zamani. Nimemwambia aipeleke hivyo hivyo, wewe au tanuri, mmojawapo ataisoma.

Muuguzi aliniandikia kwamba ulitoka mwezi wa saba, na kwamba mkate wa dada yake sasa unaumuka. Tangu hapo kimya. Kila anayefika kwa njia ya milimani naenda kumwona. Mmoja alisema alimwona mwanamume mwenye kidole kilichonyooka akimsaidia mama mmoja kubeba mtoto, kisha mvua ikawatenganisha. Nilimfanya arudie mpaka akachoka, akaanza kuongeza vitu ili kunifurahisha, nikamwambia basi.

Mwinjilisti nilimwuliza mguu unaendeleaje. Nilimwuliza kwa ukavu, nikiwa nimesimama. Akasema, "Wewe ni wa kwanza." Nikajikuta nimekaa. Nikamweleza habari za Yeremia na Amina yake. Alijifunika uso kwa kofia yake, na mabega yakawa yanatikisika, nami nikamngoja. Siku hizi Jumatano tunasoma pamoja pale ghalani, yeye, mimi na wajane wa lori la kwanza. Siyo wote wanaomtazama. Mmoja huja, hukaa, humtemea mate miguuni akitoka, na juma linalofuata huja tena. Mwinjilisti hasogezi mguu.

Tumesoma Habakuki. Yule nabii alipanda mnara wa zamu yake akasema atangoja aone atajibiwa nini, akaambiwa jambo hilo lina wakati wake, likichelewa alingoje. Zamani ningetafuta hapo ni mwezi gani. Sasa nikisoma naona mtu amesimama tu, hana cha kushika isipokuwa Aliyemwambia angoje. Nimekuwa mtu huyo. Napiga pasi, namsikiliza Chiriku masomo yake, nasalimiana na wa ngazi za chini, nauombea mji huu maji yasikatike. Na katikati ya hayo yote nakutaka, mume wangu, mpaka mikono inasahau pasi na shuka linaungua. Msimamizi ananifahamu, ananitoa kwenye pasi ananipeleka kukunja.

Sijakuwekea tarehe. Lakini nakutaka.

Mkeo


Ijumaa, tarehe 18 Oktoba

Mama Chiriku,

Niko upande wenu.

Kaa kwanza, kisha endelea. Nimevuka mpaka tangu wiki iliyopita, nimeletwa katika kituo cha kupokelea wageni, nje kidogo ya mji wa mpakani, majengo marefu ya mabati yaliyokuwa shule. Niliugua milimani. Wachunga mbuzi walinilaza kwao muda ambao siwezi kukueleza, homa ilichukua siku zangu. Sasa natembea mpaka bombani na kurudi.

Hawamruhusu mtu kuingia ndani ya nchi mpaka ndugu aje amchukue, mwenye anwani na kazi. Karani aliniuliza kama nina mtu wa namna hiyo. Nikamwambia nina mke, anapiga pasi kwa dobi, anakaa ghorofani, na mtoto wetu yuko shule. Alikuwa anaandika bila kuniangalia. Nilipofika hapo sauti ilinikatika, akainua macho, akanisogezea kiti.

Hapa tuko wengi, na wengi hawana wa kumtaja. Jioni wananiomba niwasomee. Wanataka niwaambie mambo haya yataisha lini. Nawaambia sijui. Wanakaa hivyo hivyo, nasoma.

Nimekonda, na kichwa chote kimekuwa cheupe. Mwambie Chiriku mapema asije akanipita. Mwambie pia kwamba sitaweza kumnyanyua kama zamani, ila masikio yangu ni mazima, na nina nafasi kubwa ya kusikiliza.

Njoo siku yoyote utakayopata ruhusa. Kitanda changu kiko jengo la pili, chini ya dirisha la mwisho. Dawa wanazonipa zinanilaza sana mchana. Ukinikuta nimelala usikae pembeni kuningoja. Niamshe.

Mumeo